Protoni, Unga na Nyanya ya Kumi: Kisa cha Mwanafunzi Aliyetafuta Mpangilio wa Kihisabati Katika Chembe za Atomu

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika idara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, na mhusika wake mkuu ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye humu nitamwita Kijana tu. Jina lake, mwaka wenyewe na jina la jarida litakalotajwa baadaye nimeyaacha kwa makusudi, na mambo mengine madogo nimeyageuza ili asitambulike. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mradi wake, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yangu.

Kijana alikuwa hodari wa programu za kompyuta kuliko wa fizikia. Alipokutana kwa mara ya kwanza na jedwali la chembe za ndani ya atomu, jedwali lile lilimkera. Tungamo ya elektroni ni 0.511 kwa kipimo cha MeV, yaani kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia pia tungamo za chembe, ya muoni ni 105.66, ya pioni yenye chaji ni 139.57, ya protoni ni 938.27, na hakuna ukurasa wowote wa kitabu chake uliosema kwa nini nambari ni hizo na si nyingine. Kukereka huko kulikuwa kwa haki. Nadharia tunayoitegemea leo hupokea tungamo za elektroni na za ndugu zake wazito wawili, muoni na tau, kutoka maabara na kuzitumia, bila kueleza zilikotoka.

Wanafizikia wa miaka ya 1950 walikereka vivyo hivyo, tena wao kwa wingi wa chembe zenyewe. Pioni ilipatikana mwaka 1947, kaoni mwaka huohuo, kisha zikaja lambda, sigma, ksai na delta, zikitoka kwenye miale ya anga na mitambo mipya kama kumbikumbi baada ya mvua. Baadhi yake zilizaliwa kwa urahisi lakini zikachelewa kuoza, yaani kugeuka kuwa chembe nyingine, jambo ambalo halikutarajiwa, ndipo zikapewa nambari ya ziada iliyoitwa ugeni: protoni na delta zina ugeni wa 0, sigma wa −1, ksai wa −2. Nambari hiyo tutaihitaji mbele.

## Mfuatano wa matukio

Katikati ya muhula Kijana aliniletea daftari na kompyuta ndogo iliyofungwa kwa mpira kwa sababu bawaba yake ilikuwa imevunjika. Alikuwa ameandika programu iliyochukua tungamo za chembe mbilimbili, ikagawanya moja kwa nyingine, kisha ikatafuta fomula inayoukaribia uwiano huo. Fomula zote zilikuwa za umbo moja: sehemu ya a juu ya b, kuzidisha pai iliyopandishwa kwenye kipeo fulani. Matokeo aliyojivunia zaidi yalihusu protoni na pioni. Ukigawa 938.27 kwa 139.57 unapata 6.7226, na 15π/7 ni 6.7320.

"Mwalimu, tofauti ni asilimia 0.14 tu," aliniambia. "Hii haiwezi kuwa bahati."

Nilimuuliza pioni isiyo na chaji, ambayo tungamo yake ni 134.98, ameiweka wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hiyo haikukubali."

Jibu hilo lilitosha kuufungua mjadala wote siku ileile, nami niliuacha upite. Nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilimwambia kazi yake inapendeza, aendelee kuchunguza, nikadhani nimemtendea wema. Naye akachukua maneno yangu kuwa idhini. Baada ya wiki mbili alikuwa ameandika makala ya kurasa tisa, akaituma kwa jarida moja la mtandaoni, na jarida likamjibu kwa siku nne kwamba makala imekubaliwa na itachapishwa mara atakapolipa ada. Ada yenyewe ilikaribia karo ya muhula mzima. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimsomesha, alikuwa tayari kuikopa kwenye chama chake.

Kabla ya malipo Kijana aliomba nafasi ya kuwasilisha makala hiyo katika semina ya idara. Alipofika slaidi ya tatu, mwenzangu mmoja alisema kwa sauti kwamba huo ni unajimu, si fizikia. Ukumbi ulicheka. Mimi nilikaa kimya, nikaangalia meza. Kijana alimaliza slaidi zake kwa haraka bila kuinua uso, na kwa wiki tatu zilizofuata hakuonekana darasani wala ofisini kwangu. Mwenzake wa hosteli ndiye aliyenieleza habari za shangazi na mkopo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumfuata. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi kwa kimya changu, na nikamsihi ada isilipwe mpaka tuketi pamoja mara tatu. Sikumwambia kwamba fomula zake ni batili. Sababu yangu ilikuwa kwamba amri ya mwalimu ingemnyamazisha bila kumfundisha chochote, na mtu aliyechekwa hadharani hasikilizi hoja, husikiliza kama bado anachekwa.

Uamuzi wa pili ulihusu kipimo cha kulinganishia. Nilimwomba aache tungamo za chembe kwa siku mbili, aende dukani, kituo cha matatu na kwa mama mboga, aandike bei arobaini, kisha aipe programu yake bei hizo bila kubadilisha hata herufi moja. Niliogopa angeona ni dhihaka nyingine, hivyo nilifanya hesabu ya awali mbele yake ili ajue ninachokitafuta. Namba a na b katika programu yake zilitoka 1 hadi 20. Ukiondoa sehemu zinazojirudia, kama 2/4 na 1/2, zinabaki sehemu 255. Vipeo vya pai vilitoka −5 hadi 5, yaani kumi na kimoja. Kwa hiyo kila uwiano ulikuwa ukipimwa dhidi ya fomula 2805. Ukizitawanya fomula hizo, uwiano wowote kati ya 1 na 20, utoke kwenye protoni au kwenye viatu, unatarajiwa kupata kwa wastani karibu fomula moja iliyo ndani ya asilimia 0.2.

Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Paketi ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa shilingi 230, na nauli ya kutoka mjini hadi hosteli ilikuwa shilingi 70. Uwiano wake ni 3.2857. Programu ilisema π²/3, ambayo ni 3.2899. Tofauti ni asilimia 0.13. Unga na matatu vilikuwa vimekubaliana na pai kwa karibu zaidi kuliko protoni na pioni. Kijana aliitazama skrini kwa muda, akacheka peke yake, na hapo nikajua kwamba tumeanza kuelewana.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumwonyesha jinsi mpangilio wa kweli ulivyopatikana. Jaribio langu la kwanza halikufaulu: nililipatia darasa zima orodha ya chembe tisa, nikawaambia watabiri ya kumi, na kabla sijamaliza kuandika ubaoni wawili walikuwa wameshaisoma kwenye simu. Mara ya pili nilimwita Kijana peke yake na nikaficha majina yote. Nilichora duara kama fungu la nyanya linalotazamwa kutoka mbele: nne chini, tatu juu yake, mbili juu ya hizo. Safu ya chini niliandika ugeni 0 na tungamo 1232. Ya pili, ugeni −1 na tungamo 1385. Ya tatu, ugeni −2 na tungamo 1533. Ndani ya kila duara niliweka chaji. Za chini zilikuwa +2, +1, 0 na −1. Zilizofuata +1, 0 na −1. Za juu 0 na −1. Kisha nikampa chaki.

Hakusema neno. Alichora duara la kumi kileleni, akaandika ndani yake chaji −1, kando yake ugeni −3, na baada ya kutoa 1232 kwa 1385 na 1385 kwa 1533, akaandika 1680 kwa mkono uliotulia.

## Matokeo

Ada haikulipwa na makala iliondolewa kwenye jarida. Mradi ulibadilishwa ukawa uchunguzi wa namna ya kuhesabu uhuru alionao mtu anayetunga fomula, na Kijana aliutetea vizuri na akahitimu pamoja na wenzake. Fomula ya 15π/7 haikufutwa. Aliiweka kwenye kiambatisho karibu na ile ya unga na nauli, bila maelezo. Mwenzangu wa semina hakuwahi kumwomba radhi.

## Uchambuzi

Zoezi la nyanya lilifaulu kwa sababu ya kitu ambacho Kijana alikifanya kwa chaki bila kuombwa: alijaza nafasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika historia. Mwaka 1961, Murray Gell-Mann nchini Marekani na Yuval Ne'eman jijini London, kila mmoja bila kumtegemea mwingine, walipendekeza kwamba chembe hizi hupangika kwa ulinganifu ambao wanahisabati huuita SU(3). Ne'eman wakati huo alikuwa mwanajeshi katika ubalozi wa Israeli, akisoma fizikia chini ya Abdus Salam pamoja na kazi yake ya kila siku, jambo ambalo huwakumbusha wanafunzi wangu wanaofanya kazi za jioni. Ulinganifu huo hauruhusu kundi la ukubwa wowote mtu anaoutaka. Unaruhusu kundi la moja, la nane, la kumi, la ishirini na saba na mengine ya hesabu maalumu. Tisa si mojawapo. Kwa hiyo katika mkutano wa Geneva wa mwaka 1962, ksai nzito, zile mbili za juu kwenye fungu langu la nyanya, zilipotangazwa na chembe zikatimia tisa, pengo likawa deni. Gell-Mann alisimama akatabiri chembe ya kumi, omega yenye chaji hasi.

Mwanzoni mwa 1964 maabara ya Brookhaven, katika jimbo la New York, ilitangaza kuipata, baada ya kukagua picha zipatazo laki moja za chemba ya viputo, chombo cha kimiminika ambamo chembe zenye chaji huacha mistari ya viputo. Tungamo iliyopimwa kwanza ilikuwa 1686, kukiwa na shaka ya 12 juu au chini. Leo tunajua ni 1672. Makadirio ya Kijana ya 1680 yalikosea kwa nusu asilimia.

Hapa ndipo Kijana alipouliza swali bora kuliko yote katika kisa hiki, nami sikuwa nimejiandaa kulijibu. Kama yeye alikosea kwa asilimia 0.14 akachekwa, na Gell-Mann alikosea kwa zaidi ya hapo akasifiwa, usahihi una maana gani? Alikuwa pia amekutana na sheria inayozifunga chembe za kundi la nane, yaani protoni, nyutroni, lambda, na sigma na ksai za kawaida ambazo ni nyepesi kuliko zile za fungu la nyanya: mara mbili ya jumla ya nyutroni na ksai inapaswa kulingana na mara tatu ya lambda ukijumlisha sigma. Kwa tungamo za 939, 1318, 1116 na 1193, upande mmoja ni 4514 na wa pili ni 4541. Sheria inayofundishwa vyuoni kote inakosea kwa asilimia 0.6, mara nne ya kosa lake.

Jibu nililompa, na ambalo naendelea kulishikilia, ni kwamba usahihi hauna thamani mpaka uupime dhidi ya idadi ya mambo ambayo mtungaji alikuwa huru kuyachagua. Katika kundi la kumi kuna safu nne za tungamo, na mtu anachagua vitu viwili tu: mahali pa kuanzia na kimo cha hatua. Safu mbili zilizobaki hawezi kuzigusa. Zinakuja zenyewe, ama zinamtii ama zinamwaibisha. Kijana alikuwa na fomula 2805 kwa kila nambari moja, na juu ya hapo alikuwa na uhuru wa kuitupa pioni isiyo na chaji kwa sababu haikukubali. Aliyerusha mishale 2805 asishangae mmoja kuangukia karibu na ndege.

Lakini kuna jambo zito kuliko hesabu ya uhuru. Mpangilio wa omega haukutabiri tungamo tu, ulitabiri tabia. Chembe zote tisa za kundi lile huoza ndani ya muda mfupi mno, kwa kani kali, ile inayoshikilia kiini cha atomu, kiasi kwamba hakuna picha inayoweza kuonyesha njia zilizopita. Omega ina ugeni wa −3, na ili ioze kwa kani hiyo ingelazimika kuzaa ksai pamoja na kaoni, ambazo tungamo zake kwa jumla ni takriban 1812, zaidi ya tungamo yake yenyewe. Haina uwezo wa kulipa gharama hiyo. Kwa hiyo lazima ioze polepole, na lazima iache mstari unaoonekana kwa macho. Ndugu zake tisa hawaachi alama yoyote, na ya kumi ilipopatikana ilikuwa imeacha mstari wa sentimita chache kwenye picha. Fomula ya 15π/7 haisemi lolote juu ya jinsi pioni inavyoishi au kufa.

Mpangilio ule pia ulizaa maswali mapya, na maswali hayo yakazaa mengine. Mwaka 1964 Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba chembe hizi zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi, kwaki, za aina tatu, na hatua ya takriban 150 katika fungu la nyanya ikaeleweka: kila safu unayopanda, kwaki moja nyepesi hubadilishwa kwa kwaki ngeni iliyo nzito zaidi. Tofauti ya tungamo kati ya safu na safu, ambayo awali ilionekana aibu, ikawa ushahidi wa tofauti hiyo ya uzito. Omega yenyewe ikawa kwaki ngeni tatu zilizokaa katika hali moja, jambo linalokatazwa na kanuni ya Pauli, isemayo kwamba chembe za aina hiyo zinazofanana kabisa haziwezi kukaa katika hali moja, na katazo hilo likawalazimisha wanafizikia kuipa kwaki sifa nyingine waliyoiita rangi.

Kama ningeishia hapo kisa kingekuwa rahisi, nami kwa kweli nilijaribu kuishia hapo. Kijana hakukubali. Wiki iliyofuata alikuja na Balmer na Koide.

Johann Balmer alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Basel. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka sitini, alichukua mistari minne ya mwanga wa haidrojeni akaitafutia fomula kwa kujaribujaribu, bila nadharia yoyote. Kwa maneno ya mwenzangu wa semina, alikuwa mnajimu. Fomula yake ilisubiri miaka 28 mpaka Niels Bohr alipoieleza mwaka 1913. Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa kwamba fomula ya Balmer ilikwenda mbele ya mistari minne na kutaja mingine iliyopatikana mahali pake, nao ni utetezi mzuri. Hata hivyo unathibitisha kwamba mtu anaweza kuanza kwa kucheza na nambari akafika pazuri, jambo ambalo nilikuwa nimelikana kwa mkato.

Yoshio Koide alinitatiza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionyesha kwamba ukijumlisha tungamo za elektroni, muoni na tau, kisha ukagawa kwa mraba wa jumla ya vipeuo vyake vya pili, unapata theluthi mbili. Nilimwomba Kijana afanye hesabu kwa kalamu. Jumla ya tungamo ilikuwa 1883.03, vipeuo vilikuwa 0.715, 10.279 na 42.153, jawabu likawa 0.66666. Hakuna vipeo vya pai vya kuchaguachagua hapa, na theluthi mbili si nambari ya kuokota: uwiano wa namna hiyo hauwezi kushuka chini ya theluthi moja wala kupita moja, na theluthi mbili iko katikati kabisa. Tena, wakati huo tungamo ya tau ilikuwa imepimwa kuwa takriban 1784, huku fomula ikidai 1777. Mwaka 1992 maabara ya Beijing iliipima upya ikapata 1776.9. Bado hakuna maelezo yanayokubalika ya sababu yake.

Tuliilinganisha na fomula nyingine mashuhuri. Mwaka 1951 Friedrich Lenz aliandika kwamba uwiano wa protoni na elektroni ni 6π⁵, yaani 1836.118, na kipimo cha wakati ule kilikubaliana naye kikamilifu. Vipimo vya leo vinasema 1836.153. Vifaa vilipoboreka, nambari ya Lenz iliachwa nyuma. Vifaa vilipoboreka, nambari ya Koide ilifuatwa. Katika taarifa yake ya mwisho Kijana alizipanga fomula hizo mbili kwenye kurasa zinazotazamana na akakataa kuandika kwamba ya Koide ni kweli au si kweli. Mtahini wa nje alitaka msimamo. Nilimuunga mkono Kijana, na safari hii nilizungumza.

Kuhusu usimamizi, kosa langu kubwa halikuwa kimya cha semina, ingawa ndicho kilichomuumiza. Lilikuwa ile siku ya kwanza, aliposema kwamba pioni ya pili haikukubali nami nikampa sifa ya adabu badala ya kumuuliza ni ngapi nyingine hazikukubali. Sifa isiyo na maana ndiyo iliyompeleka kwenye jarida, na jarida ndilo lililomfikisha shangazi yake kwenye mkopo. Zoezi la bei za sokoni lilifaulu kwa sababu lilitumia programu yake mwenyewe, hivyo aliyempinga hakuwa mwalimu wala mwenzangu bali mashine aliyoiandika. Lingeweza kufanyika siku ileile, kwa dakika arobaini, nikiwa na karatasi za mtihani mezani.

Siku hizi Kijana anafanya kazi ya programu katika kampuni isiyohusiana na fizikia. Jedwali jipya la tungamo za chembe linapotolewa, hunitumia ujumbe mfupi wenye nambari moja tu, ile ya tau.